Jenerali Aliyerudi Darasani: Yakubu Gowon na Nusu ya Pili ya Maisha Yake

Kila mwaka ninapofundisha somo la majeshi na siasa barani Afrika, nakuta wanafunzi wanamfahamu Yakubu Gowon, mtawala wa kijeshi wa Nigeria, kwa miaka tisa tu, tangu Agosti 1966 alipoingia madarakani hadi Julai 1975 alipoondolewa. Mtu huyu alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1934 na amekwisha kuvuka miaka 90. Muda alioishi baada ya kutoka katika kambi ya Dodan, iliyokuwa makao ya watawala wa kijeshi jijini Lagos, ni zaidi ya mara tano ya muda aliotawala. Nusu hiyo ya pili, ambayo vitabu vingi huimaliza kwa aya moja, ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu ndani yake mwanajeshi wa kazi alijifunza upya namna ya kufikiri.

Wazazi wake walikuwa wa kabila la Wangas kutoka nyanda za juu za kati ya Nigeria, wahubiri wa Kianglikana waliohamia Wusasa, karibu na Zaria. Gowon akakulia huko akiwa Mkristo kutoka jamii ndogo katikati ya Wahausa walio wengi Waislamu, akizungumza lugha yao kama mwenyeji. Alisoma shule ya Barewa, akajiunga na jeshi mwaka 1954, akapelekwa chuo cha kijeshi cha Sandhurst nchini Uingereza, na baadaye akapelekwa Kongo mara mbili pamoja na vikosi vya Nigeria vilivyokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Mapinduzi ya Januari 1966 yalipotokea alikuwa ndiyo kwanza amerejea kutoka masomoni Uingereza. Jenerali Aguiyi-Ironsi, aliyeshika madaraka baada ya mapinduzi hayo, akamfanya mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu, na Ironsi alipouawa katika mapinduzi ya Julai mwaka huohuo, luteni kanali huyu wa miaka 31 ndiye aliyeketi kwenye kiti cha mkuu wa nchi.

Siwezi kuandika juu ya mtu aliyekuja kuwa profesa nikaipita vita ya Biafra. Tarehe 27 Mei 1967 Gowon aliigawa nchi katika majimbo 12. Siku tatu baadaye Ojukwu, gavana wa kijeshi wa eneo la mashariki, akalitangaza eneo hilo kuwa nchi huru ya Biafra, na Julai mapigano yakaanza. Idadi ya waliokufa inakadiriwa kati ya laki tano na milioni tatu, wengi wao wakiwa raia, hasa watoto, waliouawa na njaa baada ya Biafra kuzingirwa. Mjini Asaba, Oktoba 1967, askari wa serikali ya shirikisho waliwaua mamia ya wanaume na wavulana wasio na silaha. Hapa kwetu tunakumbuka kwamba tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, na hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba dola isiyowalinda watu wake haiwezi kuwadai utii. Vita ilipokwisha tarehe 15 Januari 1970, Gowon alisema hakuna mshindi wala aliyeshindwa, na hakukuwa na mahakama za kisasi dhidi ya maafisa wa Biafra. Naithamini kauli hiyo, lakini haifuti deni la waliokufa kwa njaa, na yeyote anayemsifu mzee huyu lazima ayabebe yote mawili.

Mwisho wa utawala wake ulimkuta Kampala. Alikuwa kwenye mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Idi Amin akiwa mwenyeji, pale redio ya Nigeria ilipotangaza tarehe 29 Julai 1975 kwamba ameondolewa. Msomaji wa tangazo alikuwa Kanali Joseph Garba, kamanda wa kikosi cha walinzi wake. Gowon aliwatakia heri waliomwondoa, akaahidi utii kwa serikali mpya, akasafiri Togo na kisha Uingereza, ambako alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha Warwick kusomea siasa, akianzia na shahada ya kwanza.

Nchini Nigeria watu walishangazwa na habari kwamba jenerali aliyekuwa akipigiwa mizinga sasa anapanga foleni na sinia mkononi katika bwalo la chuo, pamoja na vijana wa miaka 20. Mimi nashangazwa zaidi na kazi iliyokuwa ikimsubiri mezani. Afisa mnadhimu hufundishwa kuandika tathmini ya hali: lengo ni lipi, ni mambo gani yanayoligusa, njia zilizopo ni zipi, na kamanda anashauriwa achague ipi. Maandishi hayo huwa mafupi, na thamani yake ni kwamba yanafikia uamuzi kabla adui hajafika. Tasnifu hudai karibu kinyume cha hayo. Mwandishi wake hutakiwa kuwasoma wanaompinga, kueleza hoja zao kwa nguvu ileile ambayo wao wenyewe wangeitumia, na kukubali mbele ya watahini kwamba ushahidi wake unaishia mahali fulani. Nimewahi kusimamia wanafunzi waliotoka jeshini, na wanachochelewa kukizoea ni kuliacha swali wazi kwa miezi. Bidii wanayo tele. Gowon aliyaacha maswali yake wazi kwa miaka.

Mada aliyoichagua kwa shahada ya uzamivu, aliyoikamilisha mwaka 1984, ni Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika Magharibi. Mkataba wa jumuiya hiyo ulitiwa saini Lagos tarehe 28 Mei 1975, miezi miwili tu kabla hajapinduliwa, na yeye pamoja na Rais Eyadéma wa Togo ndio waliousukuma mbele zaidi ya wote. Kwa hiyo mjenzi aliichunguza nyumba yake mwenyewe. Kuna hatari hapo, kwani mtu huona vigumu kuuhukumu uamuzi wake. Kuna pia faida ambayo mtafiti wa kawaida haipati, kwa kuwa Gowon alijua kilichosemwa nyuma ya milango iliyofungwa kabla ya wino kukauka.

Miaka hiyo ya masomo haikuwa ya utulivu. Baada ya Murtala Mohammed, aliyemrithi madarakani, kuuawa Februari 1976, serikali ya Nigeria ilimtuhumu Gowon kwamba alijua njama hiyo, naye akakanusha. Alivuliwa cheo, akasamehewa na Rais Shagari mwaka 1981, na cheo chake kikarudishwa mwaka 1987. Yaani tasnifu hiyo aliiandika akiwa mtu ambaye taifa lake halimtambui kuwa jenerali.

Katikati ya miaka ya 1980 akawa profesa wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Jos, chuo kilichoanza mwaka 1971, katika enzi yake, kama tawi la Chuo Kikuu cha Ibadan. Baadaye alizunguka vijijini kupambana na minyoo ya Guinea, ugonjwa uliowakumba Wanigeria zaidi ya 650,000 katika hesabu ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambao Nigeria ilithibitishwa kuutokomeza mwaka 2013.

Kisha mada ya tasnifu yake ikamrudia. Januari 2024 Mali, Burkina Faso na Niger, zote zikiwa chini ya wanajeshi, zilitangaza kujitoa katika jumuiya. Februari, akiwa na miaka 89 na ndiye pekee aliyebaki hai kati ya viongozi waanzilishi, Gowon aliwaandikia wakuu wa nchi wanachama akiwaomba waondoe vikwazo ambavyo jumuiya ilikuwa imeweka baada ya mapinduzi, na akazisihi nchi hizo tatu zibatilishe uamuzi wao. Siku chache baadaye, tarehe 24 Februari, jumuiya iliondoa sehemu kubwa ya vikwazo dhidi ya Niger. Nchi hizo tatu zilikamilisha kujitoa tarehe 29 Januari 2025.