Ukinzani wa insulini ni nini?

Ukinzani wa insulini ni hali ambayo seli za misuli, za ini na za mafuta huiitikia homoni ya insulini kwa udhaifu, ijapokuwa homoni yenyewe imo ya kutosha katika damu, pengine hata kupita kiasi.

Chukua chamshakinywa cha Lamu: mahamri mawili, mbaazi za nazi na chai ya maziwa. Wanga wa unga wa ngano huvunjwavunjwa matumboni ukawa glukosi, yaani sukari, nayo huingia katika damu. Glukosi haipenyi utando wa seli peke yake. Lazima ibebwe na protini maalumu. Katika misuli, nyingi ya protini hizo, ziitwazo GLUT4, huwa zimewekwa ndani kabisa ya seli, mithili ya mahamali waliokaa kivulini ilhali jahazi limeshafunga gatini. Insulini itokayo kwenye kongosho hujishika kwenye kipokezi kilicho juu ya seli, kisha ujumbe hupokezanwa ndani, protini hii hadi ile, mpaka GLUT4 zitoke zikapange utandoni na kuanza kuingiza glukosi. Ndiyo maana siuridhii sana ule mfano wa ufunguo na kufuli, usemao kwamba insulini ni ufunguo unaofungua mlango wa seli: humfanya mtu adhani kwamba hitilafu iko mlangoni, na kumbe mara nyingi iko ndani, kwenye njia ya ujumbe.

Mafuta yanapozidi uwezo wa mwili kuyahifadhi chini ya ngozi, hujikusanya katika misuli na ini, na baadhi ya mazao yake huuzuia ujumbe huo. Urithi nao huchangia. Ini, ambalo baada ya mlo huamriwa na insulini lipunguze kutoa glukosi, huendelea kuitoa. Kongosho hufidia kwa kumwaga insulini zaidi, pengine kwa miaka mingi, na muda wote huo kipimo cha sukari huweza kuonyesha salama. Wengine huota weusi laini kama mahameli shingoni, wakausugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu. Kongosho likishachoka, ndipo sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote hufika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kiwango cha kisukari.

Misuli inayofanya kazi, hata hivyo, ina njia yake nyingine: inapojikaza, GLUT4 hutoka bila kuingoja insulini, na njia hiyo kwa kawaida hubaki nzima hata kwa mwenye ukinzani. Anayetoka mtaa wa Mkomani mjini Lamu baada ya chakula akatembea kwa miguu hadi kijiji cha Shela, mapaja yake huwa yanaivuta glukosi ile ile ambayo insulini ilishindwa kuiingiza.