Mstaafu mtarajiwa, ijue hesabu yako kabla ya kuigawa

Katika kila semina ya wastaafu watarajiwa, lalamiko linalotawala ni lile lile: kikokotoo (kanuni ya kukokotoa mafao) kimetunyonga. Sisi wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, tunalisikia na hatulipuuzi. Lakini mezani kwangu naona kuwa kinachowatesa wengi ni pengo kati ya fedha inayoingia benki na ile waliyokwisha kuigawa kichwani: nyumba imeezekwa, Noah imenunuliwa, mtoto wa mwisho yuko chuo.

Tufanye hesabu. Mwanachama wa PSSSF amechangia miezi 360, na wastani wa mishahara yake bora ya miaka mitatu, ndani ya kumi ya mwisho, ni Sh1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya sasa, chukua 360, gawa kwa 580, zidisha kwa mshahara wa mwaka, Sh12,000,000. Utapata pensheni ya mwaka ya takriban Sh7,448,000. Izidishe kwa 12.5, kisha chukua asilimia 40 kama alitoka PSPF au LAPF, mifuko ya zamani iliyounganishwa kuwa PSSSF: mkupuo, yaani fedha anayolipwa mara moja akistaafu, ni kama Sh37.2 milioni. Asilimia 60 ya ile pensheni ya mwaka inagawanywa kwa 12, na hapo anapata kama Sh372,400 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake. Waliotoka mifuko iliyokuwa ikilipa mkupuo wa robo, asilimia yao ni 35. Kwa hiyo anayesema "zilizobaki mmekula" naomba arudie mstari huo wa kila mwezi. Tumeueleza mpaka sauti zimekauka.

Jirani yake aliyestaafu zamani kwa kanuni ya PSPF, akiwa na mshahara na miezi hiyo hiyo, alipata mkupuo wa Sh62 milioni. Tofauti ni kubwa na sina sababu ya kuificha. Ila pensheni yake ya mwezi ilianzia kama Sh333,300, na hiyo hakuna anayeiulizia.

Wastaafu ninaowaona wametulia miaka kadhaa baadaye si lazima waliolipwa zaidi. Wengi walijua kiasi chao mapema, wakajenga wakiwa bado kazini, na matumizi ya nyumbani wakayapima kwa pensheni ya mwezi. Walitarajia kidogo kilicho hakika na kikaja. (Mradi wa kuku wa mayai ambao hujawahi kuufuga hauanzwi kwa fedha ya mkupuo. Nimesema.)

Kuna na upande wa pili, na huu unanisikitisha zaidi. Mwanachama anajiambia "pale hakuna kitu", anaacha kufuatilia michango yake, anakopa mkopo wa riba kubwa wa kausha damu na kumwachia mkopeshaji kadi ya benki. Kukata tamaa nako ni makadirio yasiyo na hesabu.

Sasa taratibu. Fuatilia michango yako kupitia programu ya simu ya PSSSF Kiganjani. Ukiona mwezi mtupu, mwone mwajiri kwa maandishi sasa hivi, usisubiri barua ya kustaafu. Kusanya barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo na hati ya mshahara ya mwisho. Majina yafanane kwenye barua, kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki. Juma Ally na Juma Ali kwetu ni watu wawili mpaka marekebisho yafanyike kisheria, na madai yako yatakaa yakisubiri hilo.

Baada ya kustaafu kuna uhakiki, yaani kuthibitisha kuwa bado uko hai. Usipojihakiki, pensheni husitishwa. Kusitishwa si kufutwa: ukihakikiwa, malipo yanaendelea, kwa hiyo usianze kutangaza mtaani kwamba umedhulumiwa.

Na akikupigia mtu anayejiita ofisa wetu, akitaka "kidogo tu" ili faili lako lisogee, kata simu. Hakuna ada ya kuharakisha mafao.