Pumu ya ngozi kwa mtoto anayenyonya: tuanze na ngozi, sahani ya mama baadaye

Ilikuwa mwezi wa saba, kipupwe kimekaza huku mlimani, alipoingia kliniki mama kijana kutoka Kibosho na mtoto wa miezi minne. Mtoto amevalishwa sweta la sufu, kofia ya sufu, na juu yake shuka mbili. Nilipomfungua, mashavu yalikuwa yamepasuka na yanatoa maji, na mikono yote miwili ina mikwaruzo ya kucha zake mwenyewe. Usiku halali, mama naye halali.

Aliyenitia wasiwasi zaidi, hata hivyo, alikuwa mama. Kwa wiki sita hakuwa amegusa maziwa, mayai, nyama, samaki, karanga wala maharage. Aliambiwa kwenye duka la dawa kwamba mtoto ana aleji ya chakula na kwamba anaipata kwenye titi. Kila alichoacha hakikusaidia, basi akaacha kingine, hadi akabaki na wali, ugali na kabichi ya kuchemsha. Alikuja na mama mkwe wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia kwa uchungu: "Daktari, ng'ombe yupo nyumbani anakamuliwa kila siku, na huyu mwanangu anakunywa chai ya rangi. Wanasema maziwa ya titi lake ni makali, yanamuunguza mtoto kutoka ndani. Sisi tulilishwa mtori na mlaso, tukanyonyesha. Siku hizi maziwa yamekuwaje?"

Swali lake ndilo limenifanya niandike. Kinamama wa aina hii tunawaona Moshi, na wenzetu wa Arusha wanawaona pia.

Pumu ya ngozi haiambukizi. Haitokani na uchafu, wala si dalili kwamba mtoto amebemendwa. Nayasema haya mapema kwa sababu lawama humfikia mama kabla dawa haijamfikia mtoto. Ugonjwa huu huanzia kwenye ngozi yenyewe. Watoto wengi wenye tatizo hili wamezaliwa na ngozi isiyoshika maji vizuri. Baadhi wamerithi upungufu wa protini iitwayo filagrini, inayosaidia kuunda tabaka la juu la ngozi. Fikiria nyumba ya udongo ambayo kandiko limepasuka: joto la ndani linatoka, upepo na vumbi vinaingia. Ngozi hiyo inakauka, inaingiliwa na vitu vya kuiudhi, mwili unajibu kwa uvimbe na mwasho, mtoto anajikuna, na ufa unazidi kupanuka. Mara nyingi kwenye ukoo utamkuta mtu mwenye pumu ya kifua, au mwenye mafua yasiyoisha kila vumbi linapotimka.

Kwa kawaida huanza kati ya miezi miwili na sita, kwenye mashavu, paji la uso, kichwani, kisha upande wa nje wa mikono na miguu. Sehemu inayofunikwa na nepi mara nyingi hubaki nzima. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu, lakini vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwa watoto wetu wekundu hujificha. Utaona weusi uliokolea, au rangi ya kijivu au zambarau, au vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kwa hiyo kiganja kinaweza kukuambia zaidi kuliko macho: pitisha mkono taratibu, palipokwaruza ndipo palipo na kazi. Na uvimbe ukishatulia, huacha mabaka meupe au meusi. Kinamama hudhani dawa imemuunguza mtoto, wanaiacha. Mabaka hayo ni alama ya uvimbe uliopita na rangi hurudi yenyewe, ingawa huchukua miezi.

Kabla hujaamua ni pumu ya ngozi, uliza swali moja: nani mwingine nyumbani anajikuna? Kama dada wa kazi, kaka mkubwa na mama wote wanawashwa usiku, na mtoto ana vipele kwenye viganja na nyayo, huenda huo ni upele. Upele hutibiwa kwa nyumba nzima, siku moja. Dawa ya upele ikipakwa kwenye pumu ya ngozi kwa kubahatisha humwasha mtoto vibaya sana.

Sasa matibabu, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopapita.

Mwogeshe mara moja kwa siku kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi. Usitie matone ya dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni, usitumie sabuni ya dawa wala sabuni ya kipande ya kufulia, na dodoki liwekwe mbali kabisa. Kama lazima utumie sabuni, iwe laini isiyo na manukato, na iishie kwenye sehemu zenye uchafu. Mkaushe kwa kumgusagusa na khanga iliyokwisha kuzoea kufuliwa, usimsugue. Kisha, ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi, mpake mafuta ya mgando mwili mzima. Rudia mara mbili au tatu kwa siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri.

Mafuta ya mgando yawe yasiyo na harufu. Najua ile harufu ya mtoto aliyeogeshwa inavyopendwa, lakini harufu hiyo ni manukato, na manukato huiudhi ngozi iliyopasuka. Ya bei nafuu yasiyo na rangi wala harufu yanatosha kabisa. Kinachowashinda wengi ni kiasi. Mtoto mchanga mwenye pumu ya ngozi anahitaji angalau gramu 100 kwa wiki. Kopo la gramu 100 likikaa mwezi mzima, mtoto hapakwi, anaguswa tu. Chota kwa kijiko kisafi ili vidole visiingize vijidudu ndani ya kopo, na paka kwa kufuata vinyweleo vinavyolala. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima yote yanayopewa, yalichunguzwa Uingereza na kuonekana yanadhoofisha tabaka la juu la ngozi. Usiyatumie kwa mtoto huyu.

Kipupwe kina mtego wake. Kibosho, Machame, Marangu na Uru kunakuwa na baridi kweli, na hakuna bibi atakayekubali mjukuu atoke bila sweta. Sikatai sweta. Naomba tu sufu isiguse ngozi: tanguliza fulana ya pamba yenye mikono mirefu, na mkiingia ndani penye joto mpunguzie nguo. Joto na jasho huamsha mwasho haraka kuliko baridi. Nguo zake zisuuzwe mara mbili, povu liishe. Kucha zikatwe fupi.

Penye uvimbe, mafuta peke yake hayatoshi. Hapo tunatumia krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi hafifu ya kutuliza uvimbe, mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache mpaka patulie, kwa maelekezo ya mtoa huduma aliyemwona mtoto. Kiasi kinachotoka kwenye tyubu kuanzia ncha ya kidole cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Ikitumiwa hivyo ni salama hata usoni. Hofu ninayoielewa, na ninayoiunga mkono, ni ile ya zile tyubu za mchanganyiko zinazouzwa kiholela, zenye steroidi kali pamoja na dawa ya fangasi na antibayotiki. Ngozi inang'aa kwa siku tatu, mama anafurahi, baada ya wiki ugonjwa unarudi kwa hasira. Zikitumika kwa muda mrefu huifanya ngozi ya mtoto kuwa nyembamba kama karatasi, na dawa huingia kwenye damu. Ukija kliniki, njoo na tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha. Hatukukaripii, tunataka kusoma kilichoandikwa.

Njoo siku hiyohiyo ukiona utando wa njano kama asali, usaha, homa, au vidonda vidogo vya duara vilivyochimbika na vinavyouma. Hivyo vya mwisho vinaweza kuwa virusi vya malengelenge vilivyoingia kwenye ngozi iliyopasuka, na mtoto mchanga hawezi kusubiri hadi kesho.

Haya, chakula. Mzio wa chakula upo, sitaki mtu aondoke akidhani nimeukataa. Kati ya watoto wenye pumu ya ngozi ya wastani hadi kali, karibu mmoja kati ya watatu ana mzio wa chakula fulani. Kwa wenye pumu ndogo ya ngozi, mzio huo ni nadra. Chembe za protini ya maziwa ya ng'ombe au yai alivyokula mama hupita kwenye maziwa yake, lakini kwa kiasi kidogo mno, na watoto wanaonyonya maziwa ya mama pekee wanaodhurika kwa njia hiyo ni wachache sana. Cha kushangaza ni kwamba mzio wenyewe mara nyingi huanzia kwenye ngozi: chembe za chakula zilizo kwenye vumbi la nyumba na mikono yetu hupenya kwenye ufa, na mwili huzitambua kama adui. Hii ndiyo sababu sipendi mtoto mwenye ngozi iliyopasuka apakwe siagi, samli au mafuta ya karanga. Chakula kiingilie mdomoni.

Nani basi tumshuku? Mtoto ambaye ngozi imetibiwa sawasawa kwa wiki kadhaa na bado haitulii. Mwenye damu au kamasi kwenye choo. Anayetapika mara kwa mara, au ambaye mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala. Kwa huyo, mama anaacha chakula kimoja tu, mara nyingi maziwa ya ng'ombe, kwa wiki mbili hadi nne, kisha anakirudisha. Hatua ya kurudisha ndiyo inayorukwa, na bila hiyo hujajua kitu, kwa sababu pumu ya ngozi hupanda na kushuka yenyewe. Kuacha maziwa maana yake ni kuacha pia mtindi, siagi, samli, na maandazi na biskuti zenye maziwa. Kuhamia maziwa ya mbuzi hakusaidii, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Na mama anayeacha maziwa apate kalsiamu kwingine: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ufuta, au vidonge atakavyoandikiwa. Kunyonyesha kusisimamishwe.

Vipimo vya damu vyenye orodha ndefu ya vyakula sivipendekezi kama hatua ya kwanza. Kipimo kinaweza kusema "ndiyo" kwa chakula ambacho mtoto anakila bila shida yoyote, na kukiacha chakula hicho bila sababu kunaweza kumfanya apoteze uwezo aliokuwa nao wa kukila bila kudhurika.

Zamani tulishauri familia zenye mzio zicheleweshe karanga na mayai. Tulikosea. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika London kwa watoto 640 wa miezi minne hadi kumi na moja, wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Nusu walilishwa karanga mara kwa mara, nusu walizikwepa. Walipofika miaka mitano, mzio wa karanga ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 80 kwa waliokula. Kwa hiyo, mtoto anapotimiza miezi sita na kuanza kula, mpe yai lililoiva vizuri na karanga zilizosagwa laini; karanga nzima humkaba. Ila uji wetu wa lishe una kasoro moja hapa. Mahindi, ulezi, soya, ngano, karanga na dagaa husagwa pamoja, na mtoto akivimba hujui nani mkosaji. Mwezi wa kwanza, vitambulishe kimoja kimoja, siku mbili tatu kila kimoja, asubuhi ukiwa naye. Kama pumu yake ni kali, mwone daktari kabla ya yai na karanga za kwanza.

Huduma haiko mbali. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC, tangu 1992, na wahitimu wake wanafanya kazi katika hospitali nyingi za mikoa.

Yule mama wa Kibosho nilimrudishia chakula chake siku ileile, nikampa mafuta ya mgando na haidrokotisoni, na bibi akaahidi kusimamia fulana ya pamba. Baada ya wiki tatu mashavu yalikuwa laini, na mama alikuwa anakunywa maziwa ya ng'ombe wao. Mtoto alipofika miezi saba walirudi, safari hii mbio. Alikuwa ameonja yai kwa mara ya kwanza, na ndani ya dakika kumi mdomo ulivimba na mwili ukatoka mabaka kama ya kuumwa na mbu. Alipumua vizuri, tukamtibu, akatulia. Angekohoa, angekoroma au kulegea, ingekuwa dharura ya sindano ya adrenalini. Mzio wa yai ulikuwepo kweli, na kwa sasa yeye hali mayai mpaka tutakapomjaribu tena chini ya uangalizi.

"Na mimi niache mayai, daktari?" aliuliza mama.

Nilimuuliza amekula mayai mangapi tangu wiki ile aliporudishiwa chakula. Akasema karibu kila siku. Na ngozi ya mtoto? Akamgeuza nimwone mgongo. Nikamwambia aendelee kula.