Je, paneli za jua zinatosha kuipa nyumba cheti cha kijani?

Hazitoshi, ingawa niliamini hivyo miaka mingi. Nilikuwa nikipita Himbi, hapa Goma, nikiona paa limejaa paneli najiambia: hiyo ndiyo nyumba rafiki wa mazingira. Kumbe paneli husaidia upande wa nishati tu. Maji na kuta hazigusi.

Vyeti vya nyumba rafiki wa mazingira ni vingi. BREEAM ya Uingereza ilianza mwaka 1990, LEED ya Marekani ikafuata. Nachukua EDGE, kilichobuniwa na IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia, kwa ajili ya nchi kama zetu. Sharti lake: nyumba ipunguze angalau 20% ya nishati, 20% ya maji, na 20% ya mzigo uliotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi.

Ipunguze kuliko nini? Hapo ndipo paliponishika. Kila nyumba huundiwa pacha ndani ya kompyuta: ukubwa uleule, hali ya hewa ileile, ila amejengwa kwa desturi ya mahali. Unashindana na pacha huyo, si na jumba la Ulaya. Fikiria majirani wawili wenye watoto sawa. Mmoja anamaliza mabidoni matano ya maji kwa siku, mwingine manne. Wa pili amefika 20%, hata kama bomba lake ni la bei ndogo. Lakini bidoni lililobaki halilipi deni la nishati wala la vifaa. Haya ni mafiga matatu, na chungu hakikai juu ya mawili. Paa likijaa paneli huku choo kikimwaga maji ovyo, cheti hakuna.

Goma ina mambo yake. Tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku ni blanketi, kwa hiyo akiba ya kiyoyozi ambayo ingembeba mtu wa Kinshasa hapa karibu haipo. Itafutwe kwenye maji moto ya kuoga na kwenye taa.

Utajiri wetu uko kwenye mawe. Simenti huanzia kwenye tanuru la nyuzi 1,450 hivi, na tofali la kuchoma hula kuni. Jiwe la lava limekwisha kuchomwa na volkano yetu, Nyiragongo yenyewe. Kilichobaki ni kulivunja, kulichonga na kulibeba. Lava iliyomeza sehemu ya mji mwaka 2002, watu wameijengea tena kuta na misingi. Napenda sana jambo hili, lakini nisilitie chumvi: mawe hushikwa kwa simenti, na ukuta mnene wa mawe huila kwa wingi. Tena, pacha naye akihesabiwa kuwa na ukuta wa mawe kwa kuwa ndiyo desturi ya hapa, akiba hiyo inafutika, na fundi itabidi aitafute kwenye paa na sakafu.