Manjano kwa mtoto mchanga: jua la asubuhi si dawa

Naandika kwa ajili ya watoto ninaowapokea wodini wakiwa na siku tano au sita, wamelegea, macho ya manjano kama binzari, na mama ananiambia: "Nesi, nimemwotesha jua kila asubuhi."

Manjano haya ni nini?
Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa bilirubini, uchafu wenye rangi ya manjano, na ini la mtoto mchanga bado halina nguvu ya kuiondoa yote. Kwa wengi huisha yenyewe. Si homa ya manjano ile ya mbu.

Mbona kwa wengine huwa makali?
Sababu moja ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu zisiharibike. Kikipungua, chembe huvunjika kwa wingi mwili unapopambana na maambukizi, au mtoto akikutana na naftalini (vile vidonge vyeupe vya kuhifadhia nguo) au dawa fulani. Watu wapatao milioni 400 duniani wana upungufu huu, hasa wenye asili ya Afrika, Mediterania, Uarabuni na Asia, maeneo yaliyozoeana na malaria tangu zamani. Aina inayopatikana sana Afrika ni nafuu kuliko ile ya Mediterania. Nafuu hiyo isikulaze: mtoto wa siku tatu anaweza kuzidiwa nayo vilevile.

Kwa nini wavulana zaidi?
Jeni ya G6PD, yaani maelekezo ya urithi ya kukitengeneza, iko kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, ikiwa na kasoro hana akiba. Msichana ana mbili, ingawa naye anaweza kuathirika. Mvulana huirithi kwa mama yake, na nimeona mawifi wakimsimanga mzazi hata mshono haujapona. Mama hakuichagua. Mwacheni.

Si nimwanike juani kwanza siku mbili tatu?
Hapana. Siku mbili hizo ndizo bilirubini inapanda hadi kuingia kwenye ubongo. Anayepona hapo huenda akabaki kiziwi au na mtindio wa ubongo, maisha yake yote.

Lakini hospitali nanyi mnatumia mwanga?
Tunatumia taa maalumu ya bluu, mtoto yuko uchi, macho yamefunikwa, usiku na mchana, huku tunapima damu. Jua la uani halipimiki, na mtoto huungua, hupata baridi au hukaukiwa maji. Hapana, na tena hapana. Maji ya glukosi nayo hayaondoi manjano. Mnyonyeshe mara kwa mara, ukiwa njiani kuja.

Ngozi yake ni nyeusi, nitajuaje?
Mpeleke dirishani mchana, taa ya ndani hudanganya. Bonyeza ncha ya pua kwa kidole, achia, tazama rangi kabla damu haijarudi. Kisha angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Viganja na nyayo vikiwa vya manjano, hali ni mbaya.

Nije lini?
Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, njoo saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo akikataa ziwa, akilala haamki, akilia kwa sauti kali nyembamba, akijikunja mgongo nyuma, au mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu. Usisubiri kupambazuke. Usimsubiri bibi afike kutoka kijijini aamue.

Naftalini ina shida gani?
Nguo za mtoto wa kwanza hukaa sandukuni na vile vidonge vyeupe, kisha anavishwa mdogo wake. Harufu ile ile unayoisikia ndiyo inayoingia kwake kwa pumzi na ngozi, na chembe zake zinavunjika. Nafungua kanga ya mtoto mgonjwa, harufu inanipiga puani! Tupeni vidonge hivyo, na msivirudishe.

Kipimo kilisema G6PD ni ya kawaida. Tumalize?
Kama kilichukuliwa damu ikiwa imetoka kuvunjika, bado. Chembe changa zina kimeng'enya kingi na huficha upungufu. Rudia baada ya miezi mitatu hivi. Ukithibitika, andikisha kwenye kadi ya kliniki, na umwonyeshe kila anayemwandikia dawa, hasa primakwini, dapsoni au nitrofurantoini.