Jenereta nyumbani: anza na chenjiova

Umeme ukikatika, kuna nyumba zinazowasha jenereta kwa waya wenye plagi pande zote mbili: moja kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani. Acheni kabisa. Umeme huo hurudi kupitia mita hadi kwenye nguzo, na transfoma inayoshusha volti 11,000 sasa inafanya kinyume, inapandisha. Fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anaamini laini imezimwa. Utasema unazima maini swichi kwanza, lakini iko siku mtu atasahau. Isitoshe, plagi ikichomoka ukutani, vyuma vyake vilivyo wazi vina volti 230, na mtoto yuko karibu.

Dawa ni chenjiova, yaani swichi ya kuchagua umeme unatoka wapi, yenye nafasi tatu: I ni TANESCO, 0 hakuna kitu, II ni jenereta. Kwa nyumba ya fezi moja nunua ya pole mbili, ikate laivu na nyutro kwa pamoja. Inakaa kati ya mita na ubao wa brekai, na inafungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kabla ya kuwasha, zima brekai zote na uweke chenjiova kwenye 0. Washa jenereta, iache itulie dakika 2 au 3, peleka II, kisha washa brekai moja moja ukianza na friji. Mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, ndiyo maana pampu ya wati 750 inaweza kuizima jenereta ya wati 2,000 ambayo tayari imebeba friji na pasi.

Moshi ndio unaoua kimyakimya. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na kufungua madirisha hakutoshi. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, eksosi ielekee mbali na milango na madirisha. Barazani na gereji hapafai. Najua wengi wanaiingiza ndani kwa kuogopa wezi: chomeleeni kizimba cha nondo chenye paa la bati, pande zote wazi, na kufuli. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, wote tokeni nje mara moja, kisha hospitali.

Petroli usiongeze jenereta ikiwa inanguruma. Zima, subiri ipoe dakika 15. Tone moja kwenye eksosi yenye moto linatosha kuwasha tangi.