Ruzuku ya ulezi wa utafiti kwa matabibu ni nini?

Katika vyuo vikuu na hospitali za kufundishia za Marekani utasikia watu wakitaja herufi na namba tu: fulani kapata K08, mwenzake anaandika K23, mwingine K yake inaisha mwakani. Wanazungumzia ruzuku za serikali zinazotolewa kwa mtu aliyekwisha kuhitimu utabibu, awe daktari, mfamasia, mwanasaikolojia wa tiba au muuguzi mwenye shahada ya uzamivu, ili kwa miaka mitatu hadi mitano ajifunze utafiti kwa kuufanya, chini ya mlezi mwenye uzoefu.

Sehemu kubwa ya fedha hizo ni mshahara wake mwenyewe. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa, maana tumezoea ruzuku inayolipia mradi: vifaa, safari, wasaidizi, uchambuzi wa takwimu. Ruzuku ya K humlipia mtu. Mradi upo, tena lazima uwe wa maana, lakini kazi yake kuu ni kumkomaza huyo mtu hadi aweze kusimama mwenyewe. Asiyelielewa hili tangu mwanzo huandika andiko zuri la mradi, kisha akashangaa kwa nini wapitiaji hawakuridhika.

Hapa nawazungumzia hasa matabibu wanaotafiti huduma za afya. Uwanja huu hauulizi kama dawa inaua kimelea; huuliza kama dawa hiyo inamfikia mgonjwa, kwa gharama gani, kwa ubora gani, na kwa nini wengine wanaikosa. Ni maswali yanayoonekana mepesi mpaka uyafuatilie.

Mwaka 1973 daktari John Wennberg na mwenzake Alan Gittelsohn walichapisha takwimu za jimbo la Vermont, wakilinganisha maeneo 13 yanayohudumiwa na hospitali mbalimbali. Upasuaji wa kuondoa mafindofindo ulikuwa 13 kwa kila watu 10,000 katika eneo moja, na 151 katika jingine. Wakazi wa jimbo moja dogo hawawezi kutofautiana kiasi hicho kwa ugonjwa wa koo. Kilichotofautiana zaidi ni mazoea ya madaktari wenyewe na idadi ya wapasuaji waliokuwapo. Ni ugunduzi mzito, kwa sababu ulionyesha kwamba mtu anaweza kupasuliwa kwa sababu tu ya mahali anapoishi.

Mfano wa pili ni wa Michigan. Peter Pronovost, daktari wa wagonjwa mahututi, na wenzake walizifuatilia wodi 103 za wagonjwa mahututi zilizokubali kufuata hatua tano wakati wa kumwekea mgonjwa katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa mkubwa: kunawa mikono, kujikinga na kumfunika mgonjwa kikamilifu, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa paja, na kuitoa katheta mara isipohitajika tena. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha wastani wa maambukizi ya damu ukishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1,000 za katheta (mgonjwa mmoja akikaa nayo siku moja, ni siku moja ya katheta), miezi 16 hadi 18 baada ya kuanza. Kazi hiyo ilifadhiliwa na wakala wa serikali unaoitwa kwa kifupi AHRQ, ambao ndio tutakaoutaja sana hapa.

Utafiti wa namna hii unamhitaji mtu anayezijua wodi. Mchumi au mtaalamu wa takwimu anaweza kuona kwamba wagonjwa fulani wanarudi hospitalini ndani ya siku 30, lakini muuguzi anayewaruhusu kwenda nyumbani anajua kwamba maelekezo ya dawa hutolewa jioni, kwa haraka, gari likisubiri nje. Tatizo ni kwamba yule anayezijua wodi hana muda, na mara nyingi hana mafunzo ya utafiti. Shule ya udaktari humfundisha kusoma matokeo ya utafiti, si kuubuni. Na hospitali inayomwajiri hupata fedha anapoona wagonjwa. Saa anayokaa na takwimu haileti chochote. James Wyngaarden, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa Taasisi za Taifa za Afya, yaani NIH, alionya mwaka 1979 kwamba daktari mtafiti alikuwa akielekea kutoweka. Ruzuku za ulezi ni sehemu ya jibu kwa hofu hiyo.

Kwa hiyo sharti kubwa la ruzuku hizi linahusu muda. Aliyepewa lazima atumie angalau asilimia 75 ya muda wake wa kazi, yaani miezi tisa kati ya kumi na miwili, kwenye utafiti na mafunzo yake. Asilimia 25 iliyobaki ndiyo ya kliniki, kufundisha na vikao. Watu huuita muda uliolindwa, na kwa kweli unahitaji kulindwa. Zamu ikikosa mtu, mkuu wa idara humtazama kwanza yule ambaye siku hiyo hana mgonjwa. Ndiyo maana andiko lazima liambatane na barua ya taasisi inayoahidi wazi kwamba muda huo hautaguswa, kwamba ofisi na takwimu vitapatikana, na kwamba nafasi ya mwombaji haitegemei kupata ruzuku hiyo. Wapitiaji huisoma barua hiyo kwa makini. Barua yenye sifa tele na ahadi chache huonekana mara moja.

Ugumu mwingine ni wa fedha. Mfadhili huweka kikomo cha mshahara anaolipa, na kwa madaktari wengi kikomo hicho kiko chini ya robo tatu ya mshahara wao halisi. Tofauti lazima ilipwe na taasisi. Gharama za uendeshaji nazo hurejeshwa kwa asilimia 8 tu, kidogo mno kuliko ruzuku za kawaida za utafiti. Ukiziweka pamoja, mwajiri anayemkubalia tabibu wake achukue K anatoa fedha mfukoni. Kwa wapasuaji pengo ni kubwa zaidi, na mikono yao haiwezi kukaa muda mrefu bila kazi, kwa hiyo taasisi nyingi za NIH huwaruhusu kushuka hadi asilimia 50 ya muda.

Nguzo ya pili ni mlezi. Si msimamizi wa kutia saini. Ni mtafiti mwenye miradi yake iliyofadhiliwa, mwenye historia ya kulea wengine wakafika, na mwenye nafasi ya kukutana na mwanafunzi wake mara kwa mara. Jambo ambalo wengi hawalijui: mlezi halipwi kutokana na ruzuku hii. Anatoa saa zake kwa hiari, pengine kwa miaka mitano, na thawabu yake ni kuona mtu amesimama. Naona hiki ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote katika mpango mzima, na ndicho kinachovunjika kirahisi zaidi, kwa kuwa mlezi mashuhuri mara nyingi ana watu wengi mno wa kuwalea. Kwa sababu hiyo andiko zuri hutaja kundi: mlezi mkuu, mwingine wa takwimu, mwingine wa mahojiano na utafiti wa maelezo, labda mmoja anayezijua sera za bima. Kila mmoja apewe kazi inayojulikana. Orodha ya majina makubwa yasiyo na majukumu haimsaidii mtu.

Mpango wa mafunzo nao lazima ujibu swali moja rahisi: ni kitu gani huwezi kukifanya leo ambacho utaweza kukifanya baada ya miaka mitano? Daktari wa moyo anayetaka kutumia madai ya bima ya Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi pamoja na baadhi ya wenye ulemavu, anahitaji kujifunza jinsi ya kutenganisha sababu na matokeo pale ambapo hakuna aliyepangiwa tiba kwa kura. Anayetaka kubadilisha utendaji wa kliniki anahitaji elimu ya kupima utekelezaji. Anayechunguza gharama anahitaji uchumi wa afya. Kozi, warsha na pengine shahada ya uzamili huingia hapa, pamoja na mafunzo ya maadili ya utafiti ambayo ni ya lazima. Kosa la kawaida ni kujionyesha kwamba umekwisha kukamilika. Mwombaji asiye na pengo hana sababu ya kupewa mlezi, na mwenye mapengo mengi mno huonekana hajawa tayari. Katikati yake pana nafasi nyembamba ambayo lazima uieleze kwa ukweli.

Majina ya ruzuku hizi huwachanganya hata wenyeji. AHRQ iliundwa mwaka 1989 kwa jina jingine, ikapata jina lake la sasa mwaka 1999, na imekuwa mfadhili mahususi wa utafiti wa huduma za afya. Kwake, K08 ni ya wenye shahada za utabibu, na K01 ni ya watafiti wenye uzamivu wasio matabibu. NIH nayo ina K08, lakini huko kwa desturi imeelekea zaidi kwa daktari wa maabara, huku anayekutana na wagonjwa ana kwa ana katika utafiti wake akiomba K23. Idara inayohudumia wanajeshi wastaafu ina ruzuku zake za kukuza watafiti ndani ya hospitali zake. Kuna pia K12, ambayo hupewa taasisi, nayo ikachagua watu wake. Mwaka 2018 AHRQ na PCORI, taasisi inayofadhili utafiti wa kulinganisha tiba, walifadhili vituo 11 vya aina hiyo, ili kuwakuza watafiti wanaofanya kazi ndani ya mifumo ya afya yenyewe. Namba moja, basi, inaweza kubeba masharti tofauti kwa kila mfadhili, na tangazo la ruzuku ndilo la kusoma kabla ya kitu kingine chochote.

Ustahiki una mipaka yake. K08 na K23 ni za raia wa Marekani au wenye ukaazi wa kudumu, na mtu aliyekwisha kuongoza ruzuku kubwa ya utafiti, ile ya R01, hawezi kurudi nyuma kuomba. Kwa watafiti walioajiriwa katika taasisi za nchi za kipato cha chini na cha kati, NIH kupitia kituo chake cha Fogarty imekuwa na K43, yenye wazo lilelile la kulinda muda na kulea.

Andiko lenyewe hujadiliwa na jopo linalotazama mambo matano: mwombaji, mpango wake wa kukua, mpango wa utafiti, walezi, na mazingira pamoja na ahadi ya taasisi. Alama ni 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Sehemu ya mwombaji na ile ya utafiti hugawana kurasa 12, na kugawana huko ndiko kunakowatoa watu jasho. Ninaamini nusu kwa nusu ni mgawanyo wa haki. Tarehe za kawaida za maombi mapya ni 12 Februari, 12 Juni na 12 Oktoba. Ukikataliwa, unaruhusiwa kuwasilisha tena mara moja ukiwa umejibu hoja za jopo, ndani ya miezi 37. Wapo waliofanikiwa hapo, mara ya pili, kwa hiyo kukataliwa mara ya kwanza kusimkatishe mtu tamaa.

Lengo la mwisho ni kuhama kutoka K kwenda R, yaani kupata ruzuku ya kuongoza utafiti wako mwenyewe. Si wote wanaofika. Uchambuzi wa Reshma Jagsi na wenzake uliochapishwa mwaka 2009, juu ya waliopewa K08 na K23 kati ya 1997 na 2003, ulikuta kwamba miaka mitano baadaye karibu robo ya wanaume walikuwa wamepata R01, na wanawake chini ya moja ya tano. Pengo hilo linauma, kwa sababu hao wote walikwisha kupimwa na jopo na kuonekana wanafaa. Kilichowatenganisha lazima kitafutwe katika kilichotokea baadaye: muda, ulezi, mshahara, majukumu ya nyumbani. Ni swali ambalo lenyewe linastahili utafiti wa huduma za afya.

Madeni ya shule ya udaktari nayo huwarudisha wengi kliniki. NIH ina mpango wa kulipa mikopo ya watafiti hadi dola 50,000 kwa mwaka, na unaweza kwenda sambamba na ruzuku ya K.

Hali ya AHRQ yenyewe imetikisika. Machi 2025 Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya Marekani ilitangaza kuiunganisha na ofisi nyingine ya wizara, na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Anayefikiria kuomba ahakikishe kwanza kwamba tangazo analolisoma bado liko hai, kisha amwandikie afisa programu aliyetajwa humo, akiambatisha ukurasa mmoja wa malengo ya utafiti na jina la mlezi aliyekubali. Ukurasa huo uandikwe mapema, mwaka mzima kabla ya tarehe ya mwisho ukiwezekana, kwa kuwa barua ya mkuu wa idara ndiyo huchelewa kuliko vyote.